Chombo cha Bibi Arusi na Umaarufu wa Sinema: Kutoka Ingobyi hadi Land Rover katika Barabara ya Rutshuru

Miongoni mwa biashara ndogo zilizochipuka kandokando ya sinema imo ile ya kukodisha, kwa ajili ya arusi, magari ya kale yaliyopata sifa kwa kuonekana katika filamu. Nchini Uingereza bwana arusi mwenye uwezo hukodi Aston Martin DB5, gari la aina iliyoonekana katika Goldfinger (1964). Mwingine huchagua Volkswagen nyeupe ya mgongo wa kobe, yenye nambari 53 ubavuni, kama ile ya The Love Bug (1968). Mwingine hutaka DeLorean, gari la chuma kisichopakwa rangi ambalo kiwanda cha Dunmurry, karibu na Belfast, kilitengeneza takriban 9,000 tu kabla kampuni haijafilisika mwaka 1982. Yamkini gari hilo lingalisahauliwa kabisa lau Back to the Future (1985) isingaliliokoa. Aghalabu gari linalofika mlangoni kwa bibi arusi si lile lililopigwa picha. Ni ndugu yake wa kiwandani, au nakala iliyoundwa baadaye. Mwenye gari hafichi jambo hilo, wala anayekodi halilalamikii. Kinacholipiwa ni mfanano.

Biashara ya namna hiyo haina mizizi Rutshuru, katika Kivu ya Kaskazini. Hata hivyo wilaya hiyo ina haki ya kutajwa katika historia yake, kwani kamera ya sinema iliifikia mapema kuliko miji mingi ya Afrika ya Mashariki, na barabara zake zimepitiwa na magari ambayo hadithi zake zimesomwa na kutazamwa duniani kote. Swali linalozuka ni hili: kwa nini chombo kilichotukuzwa na skrini huwa heshima kwa bibi arusi mahali pamoja, na mahali pengine, hata pale umaarufu wenyewe ulipoanzia, kisiwe na maana hiyo? Jibu halipatikani katika historia ya magari peke yake. Inapasa kuanza na wale waliombeba bibi arusi kabla ya magari.

Waliobeba na waliobebwa

Katika Bwisha, mojawapo ya tawala mbili za kijadi zinazounda Rutshuru (nyingine ni Bwito), lugha ya wenyeji wengi ni ya jamii moja na Kinyarwanda, na desturi nyingi za ndoa zinafanana na za ng'ambo ya mpaka. Chombo cha heshima katika eneo hilo lote kilikuwa ingobyi, yaani kitanda cha kusukwa kilichofungwa kwenye miti miwili na kubebwa mabegani. Ingobyi ilimbeba bibi arusi akiwa amefunikwa, ilimbeba mkubwa wa nchi, na ilimbeba mgonjwa. Neno hilohilo hutumika kwa ngozi au nguo ambayo mama hufungia mtoto mgongoni. Kwa msemaji wa lugha hiyo, basi, kubebwa kwa bibi arusi kulikaribiana na kubebwa kwa mtoto na kwa mgonjwa: watu watatu ambao jamii hukubali kuubeba uzito wao.

Jambo hili lilikuwa na taratibu zake. Huko Kigezi, nchi ya Uganda inayopakana na Rutshuru, vyama vya wabebaji wa machela, viitwavyo engozi, viliwaunganisha majirani wa kilima kimoja. Kila mwanachama aliwajibika kubeba, naye aliahidiwa kubebwa siku yake itakapofika. Baadaye vyama hivyo vilipanuka vikawa vya kuweka akiba, kukopeshana na kuzikana. Mtu asiyekuwa na wabebaji hakuwa na chombo, hata kama miti na kamba alikuwa nazo.

Kiswahili cha pwani kina machela, neno lililopitia Kireno. Kiswahili cha Kongo kina kipoyi, ambalo Wabelgiji waliliandika tipoye, na hapa historia ya neno inageuka kuwa chungu. Kipoyi ndicho kilichombeba mtawala wa kikoloni kutoka kijiji hadi kijiji. Mabega yalikuwa yaleyale na mwendo uleule, lakini wabebaji walikuwa wameamriwa. Upagazi wa lazima ulikuwa miongoni mwa mizigo mizito ya utawala wa Kibelgiji, na wazee wa Kongo waliokumbuka kipoyi cha mzungu hawakukikumbuka kama fahari. Kwa hiyo, gari lilipofika lilikuta kumbukumbu mbili zilizokwisha kukaa katika chombo kimoja: heshima inayotolewa na jamaa kwa hiari, na heshima inayonyang'anywa kwa nguvu. Magari yaliyokuja baadaye yaliendelea kuzibeba zote mbili.

Sinema yafika Mikeno

Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley, mtaalamu wa kukausha wanyama na mbunifu wa kamera iliyoitwa kwa jina lake, alipanda mlima Mikeno akapiga picha za kwanza za sinema za gorila wa milimani wakiwa porini. Picha hizo zilichangia kuanzishwa kwa Hifadhi ya Albert mwaka 1925, ambayo leo ni Hifadhi ya Virunga. Akeley alirudi mwaka uliofuata, akafa mlimani na kuzikwa Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi. Vifaa vyake vilipandishwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Hapakuwa na gari lililoweza kufika huko.

Robo karne baadaye Hollywood ilifika kwa msafara mkubwa. King Solomon's Mines (1950) ilipigwa picha Kenya, Tanganyika, Uganda, Ruanda na Kongo ya Kibelgiji, ikiwemo nchi ya volkano. Mwaka uliofuata The African Queen ilipigwa Kongo na Uganda. Mtazamaji wa Ulaya na Marekani aliyaona mandhari ya Maziwa Makuu kwa rangi, na kuanzia hapo eneo hilo likawa, machoni pake, mahali pa magari ya turubai, mashua za mvuke na kofia pana. Nguo za namna hiyo na magari ya namna hiyo ndizo zinazokodiwa hadi leo na maarusi wanaotaka arusi ya safari, iwe Naivasha au Uingereza.

Lily

Gari linaloihusu Rutshuru kwa karibu zaidi ni Land Rover moja kuukuu ya turubai iliyonunuliwa Nairobi mwishoni mwa 1966, kwa msaada wa Louis Leakey. Aliyeinunua, Dian Fossey, aliipa jina Lily. Januari 1967 aliiendesha hadi Kongo, akisindikizwa na mpiga picha za wanyama Alan Root aliyekuwa katika gari lake mwenyewe, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Gari liliachwa chini ya mlima, na kambi ikawekwa Kabara, mahali ambapo George Schaller alikuwa amefanya utafiti wake wa gorila miaka saba kabla. Huko Fossey alifundishwa kufuata nyayo na Sanwekwe, Mkongo aliyekwisha kuwaongoza watafiti waliotangulia. Ni vigumu kukuza chumvi katika kueleza deni hilo: mgeni huyo alikuwa hajawahi kufanya utafiti wa wanyama, na mlima hausomwi kwa vitabu.

Julai 1967 mamluki wakiongozwa na Jean Schramme waliasi dhidi ya serikali ya Mobutu. Hofu ya wageni ilienea mashariki yote. Tarehe 9 mwezi huo askari walipanda Kabara, wakamshusha Fossey pamoja na wafanyakazi wake, naye akawekwa chini ya ulinzi Rumangabo, katika barabara ya Goma na Rutshuru, kwa muda wa majuma mawili hivi. Kilichomtoa huko kilikuwa gari, au kwa usahihi zaidi, karatasi za gari. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwashawishi askari wamsindikize kwa Lily hadi Kisoro, upande wa Uganda, kwa hoja kwamba fedha za kulipia usajili wa gari zilikuwa huko. Walipofika katika hoteli ya Traveller's Rest, ambayo mwenyewe alikuwa Walter Baumgartel, Fossey alikimbilia ndani, na wale waliomsindikiza wakakamatwa na askari wa Uganda. Septemba mwaka huohuo alianzisha kituo cha Karisoke upande wa Rwanda.

Kitabu chake, Gorillas in the Mist, kilitoka 1983. Aliuawa Desemba 1985, na filamu yenye jina la kitabu hicho ikatoka 1988, ikiongozwa na Michael Apted, Sigourney Weaver akiwa mhusika mkuu. Ilipigwa picha Rwanda. Miezi ya Kongo ilipewa nafasi ndogo, na mfuatiliaji nyayo wa filamu anaitwa Sembagare, anayeandamana na mhusika mkuu tangu mwanzo hadi mwisho. Sanwekwe wa Kabara hana jina katika skrini. Hili halipaswi kuchukuliwa kuwa kosa la ufundi tu. Filamu inahitaji mtu mmoja mahali ambapo historia ina watu wengi, na katika kupunguza huko anayebaki ni yule ambaye hadithi ilikusudiwa kuwa yake. Gari nalo hubaki, kwa kuwa halihitaji kuelezwa. Land Rover inayopanda mlima katika ukungu inaeleweka na mtazamaji wa nchi yoyote.

Katika Rutshuru umbo hilohilo linasomwa kwa namna nyingine kabisa. Tangu miaka ya 1960 gari la magurudumu manne la rangi ya kijani au ya udongo limekuwa hapo gari la jeshi, la askari wa hifadhi, la mtawala, na katika miongo ya vita, la mtu yeyote mwenye silaha aliyeweza kulinyakua. Gari linalomkumbusha mgeni mapenzi ya wanyama humkumbusha mwenyeji kizuizi cha barabarani. Si ajabu basi kwamba mfano wa Lily hautafutwi na bwana arusi wa Kiwanja.

Vyombo vilivyohama

Mashua ya The African Queen inaonyesha jinsi umaarufu unavyoweza kukiondoa chombo katika maji yake. Mashua inayoonyeshwa leo kwa jina hilo iliundwa Uingereza, katika mji wa Lytham, mwaka 1912, ikaitwa Livingstone, ikatumika kwa miongo katika Ziwa Albert na Nile ya Viktoria, ikibeba mizigo, wamisionari na wawindaji. Mwongozaji John Huston aliikodi kwa filamu. Baada ya kustaafishwa iliuzwa, ikapita mikono kadhaa, na tangu miaka ya 1980 makao yake yamekuwa Key Largo, Florida. Mwaka 1992 iliingizwa katika orodha ya Marekani ya mali za kihistoria. Watalii huipanda katika mifereji ya huko, naye anayetaka huikodi kwa shughuli yake. Miaka takriban 40 ya kazi katika maji ya Uganda na Kongo imegeuka kuwa utangulizi wa majuma machache ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Majina ya mabaharia wa Butiaba hayamo katika tiketi.

Ndege ya Out of Africa (1985) imekwenda njia ya kinyume. Ni Gipsy Moth ya njano iliyoundwa Marekani mwaka 1929, yenye nambari G-AAMY. Mwaka 2013 iliuzwa kwa mnada Paris, ikanunuliwa na mmiliki wa hoteli ya kifahari ya Segera, Laikipia, akairudisha Kenya. Kuirudisha, hata hivyo, ni neno la kutumiwa kwa tahadhari. Ndege ya Denys Finch Hatton mwenyewe, G-ABAK, ilianguka Voi tarehe 14 Mei 1931. Iliyo Laikipia haikumilikiwa naye hata siku moja; ni ndege iliyoigiza kuwa ndege yake. Pamoja na rubani huyo aliuawa mtumishi wake Mkikuyu aitwaye Kamau, ambaye wasomaji wachache wa hadithi hiyo wanalikumbuka jina lake. Karibu na Nairobi, viwanja vya nyumba ya Karen Blixen, iliyofanywa makumbusho mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya filamu, hukodishwa kwa arusi, na wengi wa wanaoolewa hapo ni Wakenya. Hilo halina ubaya. Lakini linathibitisha kwamba skrini ina uwezo wa kuifanya heshima ya mahali itokane na watu ambao hawakuwahi kuwa na uhusiano wowote na ukoo wa bibi arusi.

Hapo ndipo tofauti na ingobyi inapokuwa wazi. Heshima ya ingobyi ilitoka kwa waliokuwepo: mabega ya ndugu na majirani yalionekana, yakahesabika, na deni lao likawekwa moyoni. Heshima ya gari la sinema hutoka kwa mwigizaji asiyekuwepo.

Barabara na korteji

Msafara wa magari ya arusi huitwa na Wakongo korteji, neno walilolipata kwa Kifaransa. Goma na Rutshuru huonekana jipu za Toyota zilizokodiwa kwa siku moja, utepe ukiwa umefungwa juu ya boneti, taa zikiwaka na honi zikilia. Pikipiki hutangulia. Mbele ya wote yupo mpiga picha za video, ameketi kinyumenyume katika gari lililo wazi au ametoa kifua juu ya paa, kamera ikiwa imeelekezwa kwa gari la maarusi. Mtu huyo mara nyingi hutazamwa kama mtumishi tu wa sherehe, ilhali ndiye anayeieleza. Katika arusi za Uingereza zilizotajwa mwanzoni gari hukodiwa kwa sababu lilikwisha kuonekana katika skrini. Katika korteji ya Kivu gari hukodiwa ili lionekane katika skrini, yaani katika kanda ya video iliyopelekwa zamani kwa mkono wa msafiri, na sasa kwa simu, kwa jamaa walioko Kampala, Nairobi, Brussels au Kanada. Familia iliyotawanyika huhudhuria kwa njia hiyo. Gari zuri ni ujumbe kwao kwamba nyumbani bado kuna watu, na kwamba mtoto wao hakuolewa kama mkimbizi.

Uzito wa ujumbe huo hupimwa kwa barabara yenyewe. Ni kilomita 70 hivi kutoka Goma hadi Rutshuru, zikipita chini ya Nyiragongo, Kibumba na Rumangabo. Tarehe 15 Aprili 2014 mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi katika barabara hiyo akiendesha Land Rover peke yake, siku mbili kabla filamu ya Virunga, inayomhusu yeye na walinzi wake, haijaonyeshwa kwa mara ya kwanza New York. Waliomwokoa mwanzo ni wakulima, waliomchukua kwa pikipiki. Filamu ilipendekezwa kwa tuzo ya Oscar mwaka 2015. Tarehe 22 Februari 2021 balozi wa Italia, Luca Attanasio, aliuawa pamoja na mlinzi wake na dereva Mkongo baada ya msafara wao kushambuliwa karibu na Kibumba. Mwezi Mei mwaka huohuo Nyiragongo ililipuka, na lava ikaikata barabara kaskazini ya Goma. Juni 2022 waasi wa M23 waliteka Bunagana, mpaka uleule uliovukwa na Lily, na Oktoba wakateka Rutshuru na Kiwanja. Makumi ya maelfu ya watu wa wilaya hiyo waliteremkia Kanyaruchinya na kambi nyingine kandokando ya Goma, hadi mji huo nao ulipotekwa Januari 2025 na kambi zikavunjwa.

Kwa mwanahistoria, kanda za korteji zilizopigwa kabla ya miaka hiyo zina thamani ambayo haijatambuliwa ipasavyo. Filamu zilizoleta sifa duniani ziliielekeza kamera mlimani, kwa gorila na kwa wageni waliowafuata. Kanda za arusi ziliielekeza barabarani. Ndani yake yamo maduka ya Kiwanja na mabango yake, makanisa, miti iliyokwisha kukatwa, nyimbo za akina mama katika lugha tatu kwa saa moja, na mchanganyiko wa Kiswahili na Kifaransa wa mshereheshaji akiwataja jamaa wa pande mbili kwa majina na vijiji vyao. Nyingi ziko mikononi mwa watu binafsi, katika kaseti zinazoota ukungu, na nyingine zilipotea pamoja na nyumba. Anayezitazama leo akiwa mbali na Rutshuru hachelewi kuacha kulitazama gari. Hutazama pembeni, wanapoonekana waliotembea kwa miguu kando ya korteji, na vijana waliovua viatu kulisukuma gari la maarusi lilipokwama katika tope.